Jina la Orrin Halikusomwa

Milwaukee, 20 Oktoba 2016

Wifi yangu Verna,

Nakuandikia nikiwa jikoni kwa Janelle, maana ndipo mahali pekee katika nyumba ya binti yangu ambapo televisheni haisikiki vizuri. Ningekupigia simu, lakini najua masikio yako yalivyo, na sina nguvu ya kupiga kelele mpaka Kildal wakati mgonjwa amelala.

Kaka yako Orrin yuko vile vile ulivyomwacha. Anakula kijiko kimoja, anakataa cha pili, kisha anaomba radhi kana kwamba amevunja sahani. Asante kwa kuja. Asante pia kwa jibini, ingawa Janelle ndiye anayeila.

Jana usiku wagombea urais walikuwa na mdahalo wao wa mwisho. Orrin aliulala wote, nikamwonea wivu. Mimi niliutazama huku nikikunja taulo, na kila yule bwana wenu alipofungua kinywa nililikunjua nililokwisha kulikunja. Janelle anasema nisihofu, mama yule atashinda, magazeti yote yanasema hivyo. Sihofu. Ila sijawahi kuona mtu akizungumza na wanawake namna ile halafu watu wakampigia makofi. Nilipika shuleni maisha yangu yote ya kazi, na mtoto wa darasa la pili akisema hivyo tulimtoa kwenye foleni ya chakula.

Kuna jambo dogo. Siku ile uliyokuja, nilipokwenda duka la dawa, ninyi wawili mliimaliza kazi ya kura yake ya posta. Nilirudi nikakuta bahasha imekwisha gundishwa, imelazwa chini ya kikopo cha chumvi, na wewe umekwisha tia sahihi kwamba ulimsaidia kwa sababu mikono inamtetemeka. Sina neno. Ila nilitaka tuifanye pamoja. Tangu tuoane tumekuwa tukienda pamoja pale ukumbini kupiga kura, yeye akivua kofia mlangoni kama anaingia kanisani. Nilimuuliza ilikwendaje, akatabasamu akasema, "Muulize Verna, ndiye katibu wangu."

Basi nakuuliza. Wifi, hukumwekea alama kwa bwana wako? Natania. Nusu natania.

Wako,
Ardis

*

Kildal, 25 Oktoba 2016

Wifi Ardis,

Barua yako nimeipata. Paka wako anakula vizuri kuliko mimi, na amehamia kitandani kwangu bila kuulizwa.

Mtu aling'oa bango lenu la uchaguzi usiku wa Ijumaa akalitupa mtaroni. Nimelirudisha. Nililipigilia kwa nyundo ili lisimame wima, ingawa silipendi, maana liko kwenye ardhi ya kaka yangu na aliyeling'oa ni mwizi. Dale Ostby alipita na gari lake, akapunguza mwendo, akaniambia ningeliacha mtaroni, lilikuwa limekuta wenzake. Nilimwambia aendeshe. Langu liko ng'ambo ya barabara. Yanatazamana.

Kuhusu ulichouliza. Mkono ulikuwa wangu, kura ni yake. Nimekaa kwenye ile meza ya wasimamizi wa kura tangu Janelle akiwa na meno ya utotoni, na wazee wengi wasioona nimewashikia kalamu, na sijamwambia mtu kura ya mtu. Wewe pia usiniulize tena, hata kwa utani. Bahasha imefika kwa karani wa mji. Nimeiona.

Mwambie Orrin nimeziba lile dirisha la banda. Mwambie pia kulungu wanakula matufaa yake usiku na hawana haya.

Nanyi punguzeni kulilia televisheni. Haijafa.

Verna

*

Milwaukee, 5 Novemba 2016

Wifi yangu mpenzi,

Najua Dale amekwisha kuja mlangoni kwako. Nilimwomba Janelle ampigie yeye ili mtu akuambie uso kwa uso, usisome habari hii peke yako kwenye karatasi.

Alituacha Alhamisi asubuhi. Nilikuwa nikimkata kucha. Tulikuwa tumeanza mkono wa kulia, na alikuwa akiniambia nisikate fupi mno, halafu hakuniambia tena. Nilikuwa nimefika kidole cha pete. Sikujua la kufanya, wifi, nikamalizia zilizobaki. Kisha ndiyo nikamwita Janelle.

Ibada itakuwa hapa, kanisani kwa Janelle, Jumamosi ijayo. Majivu yake yatakaa kwa Janelle majira ya baridi, na udongo ukilainika mwezi wa Mei tutamleta Kildal alale karibu na mama yenu, kama alivyotaka siku zote. Najua hilo ndilo utakaloliuliza kwanza.

Lipo jambo moja linalonishikilia siku hizi, na utaniona mjinga. Ni kura yake. Janelle anasema nile, nilale, nami nafikiria kura. Ninyi mnazisoma zile za posta kwa sauti, jina na barabara, ukumbi wote usikie, kisha karatasi inaingia kwenye mashine. Tafadhali lake lisome wewe. Dale, mwenzako wa mezani, hutafuna majina. Nataka Jumanne, siku ya uchaguzi, kwa muda ule wa kulisoma, awe bado mtu wa Kildal kama wengine.

Nakumbuka miaka minane iliyopita, ushindi wa rais wa kwanza mweusi ulipotangazwa redioni. Alikuwa anatoka kukamua. Alinishika kiuno jikoni na mikono ikinuka maziwa, akasema tutaishi mpaka tumwone mwanamke akiapishwa. Amekosa kidogo tu. Lakini kura yake itakuwepo. Hilo ndilo linaloniinua asubuhi.

Soma kwa sauti, wifi.

Ardis

*

Kildal, 9 Novemba 2016

Wifi Ardis,

Dale alikuja. Nilikuwa naosha vyombo. Nilimalizia kuviosha, kisha nikaviosha tena, kwa hiyo nakuelewa habari ya kucha.

Sasa nikuambie nililonalo, maana halitakuwa tamu zaidi nikilichelewesha. Jina lake halikusomwa.

Sheria yetu ya Wisconsin inasema mtu akipiga kura mapema kisha akafa kabla ya siku yenyewe, na wasimamizi wakawa na uhakika, bahasha yake haifunguliwi. Inawekwa pembeni na zile zenye kasoro. Ilipofika zamu ya herufi yake nilimwambia Dale asimame. Akaniinamia sikio akasema, "Verna, amefia Milwaukee. Nani hapa anajua?" Nikamwambia, "Mimi najua. Na wewe ndiye uliyeniletea habari mlangoni." Nilikuwa na tangazo la msiba nililolikata gazetini. Nililiweka mezani mbele ya wasimamizi wote watatu. Kisha nikaandika kwa wino juu ya bahasha kwamba amefariki, nikaiweka pembeni. Mwaka mmoja niliitoa ya mama mzazi wa karani, karani mwenyewe akiwa amesimama pale akilia. Sikuona kwa nini ya ndugu yangu iwe tofauti.

Mengine umeyaona kwenye televisheni. Wilaya yetu, iliyokuwa ya chama chenu siku zote, safari hii imekwenda kwa chetu, na jimbo pia. Kura moja isingewaokoa, kwa hiyo usiitie moyoni.

Jumamosi nakuja kwa basi. Naleta lefse, zile chapati zetu za viazi. Alizipenda zikiwa na siagi na sukari tu, msizipakie kitu kingine hata akiwa hayupo.

Verna

*

Milwaukee, 14 Novemba 2016

Verna,

Barua yako ilifika Jumamosi asubuhi, saa chache kabla ya ibada. Kwa hiyo sasa unajua kwa nini hakuna aliyekuja kukupokea kituo cha basi.

Nitakueleza jinsi Jumanne ilivyokuwa huku, kwa sababu hukuuliza. Janelle alikuwa amenunua keki. Iliandikwa kwa sukari ya buluu, rangi ya chama chetu. Tulialika akina mama wawili wa jirani, na mjukuu wangu alikaa macho kwa ruhusa maalumu ili aje awasimulie wanawe. Ramani ilianza kuwa nyekundu, rangi yenu, upande wa chini, tukasema hiyo ni kawaida. Kisha ikawa nyekundu kwetu. Nilisimama nikaligusa jimbo letu kwenye kioo cha televisheni, kama ninavyompima mtoto homa. Mama mmoja alichukua koti lake akaondoka bila kuaga. Asubuhi tuliila ile keki tukiwa tumesimama. Nilikuwa nimefiwa mara mbili, na kila msiba ulinizuia kuulilia mwingine.

Bado nilikuwa na kitu kimoja. Nilijiambia, angalau Verna alisoma jina lake.

Nilimwambia mshika mlango akupeleke kiti cha nyuma. Haikuwa bahati mbaya. Nilikuona ukilitafuta jina lako kwenye viti vya familia. Mkebe wako wa lefse niliuweka juu ya jokofu. Wazee wa Kildal waliuliza kama Verna hakuleta kitu, nikasema hakuleta. Ulipokuwa unaondoka nilikurudishia ukiwa bado na kamba yako, na nikakushukuru kwa adabu.

Uliposimamisha bango letu nilidhani ni wema. Nimeelewa sasa. Uliweza kulitendea haki bango kwa sababu bango halihesabiwi. Kura yake ilikuwa inapinga yako, nawe ulikuwa na sheria mkononi, ukaitupa. Ungeweza kunyamaza tu. Watu wote pale mezani walikuwa tayari kunyamaza. Ni wewe tu, dada yake.

Orrin hatakuja Kildal. Nimeongea na Janelle, tutamtafutia mahali hapa hapa. Mama yenu atalala peke yake.

Ardis

*

Kildal, 19 Novemba 2016

Ardis,

Leo msimu wa kulungu umefunguliwa na bunduki zinalia tangu alfajiri. Hata mimi nazisikia. Kaka yangu asingekosa siku kama hii, angekuwa kilimani na kizibao chake cha rangi ya chungwa, amelala usingizi chini ya mti, na kulungu wanampita.

Ninaweza kukaa kiti cha nyuma. Lefse nimewapa kuku. Lakini mama yangu usimguse, na usiniite mwizi wa kura.

Umesema nilitupa kura iliyokuwa inapinga yangu. Nilitupa yangu, Ardis. Orrin alimpigia bwana wetu.

Nilimuuliza mara mbili, kama tunavyofundishwa kumuuliza mtu tunayemshikia kalamu. Mara ya pili akasema, "Weka hapo hapo, Verna, kabla hajarudi." Akacheka, cheko likamletea kikohozi, nikampa maji. Nikamuuliza, na Ardis je? Akasema, "Ardis amelia kutosha kwa ajili yangu. Hili asililie." Kisha akanieleza habari ya ng'ombe, ingawa sikumuuliza. Alisema siku lori lilipokuja kuwabeba wote baada ya kuuzwa, alisimama barabarani akajiuliza kama kuna hata mmoja wa wale mliowapigia kura maisha yenu yote anayejua kwamba banda la akina Tollefsrud limefungwa. Alisema huyu naye pengine hajui, lakini angalau anapiga kelele.

Ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimeishika bahasha yenye kura ya mtu wangu, ya kaka yangu, ya mwisho aliyoipiga, na nikaiweka pembeni kwa sababu ndiyo sheria. Wewe ulikuwa kwa Janelle unakula keki.

Niliapa sitatoa kura ya mtu mdomoni mwangu. Leo nimeitoa. Sijawahi kuvunja jambo lolote kwenye ile meza, na nimelivunja jikoni kwangu kwa ajili ya kukuumiza wewe. Natumaini limefika.

Verna

*

Milwaukee, 24 Januari 2017

Verna,

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa namtafuta Orrin.

Nimepita kila mahali. Sikukuu ya Shukrani ilipita, Janelle akamchoma bata mzinga, nami nilikaa mezani nikiitafuta ile jioni ya lori. Nakumbuka alivaa shati la kanisani ili kuwaaga ng'ombe. Alimpa Doris, ng'ombe wake mpenzi, tufaa. Tuliporudi ndani nilimwambia asivunjike moyo, watu wetu kule Washington hawatawaacha wakulima hivi. Akasema, "Ndiyo, mama." Nimeisikiliza ile "ndiyo, mama" mpaka imechakaa. Sijui tena kama ilikuwa kukubali au ilikuwa kufunga mlango polepole ili usigonge.

Kisha nikakumbuka jingine. Mwezi wa Agosti, kabla hajalala kitandani moja kwa moja, nilisema mezani kwamba mtu anayempigia yule bwana kura ama ni mjinga ama ana roho mbaya, hakuna wa tatu. Orrin alikuwa anakunywa supu. Aliniomba chumvi.

Sijamwambia Janelle. Angemfuta kwenye picha.

Jumamosi alinipeleka Madison, kwenye maandamano ya akina mama. Nilifuma kofia ya waridi kama wenzangu. Sijapata kuona watu wengi namna ile, barabara yote mpaka kwenye jengo la serikali, na watoto mabegani, na mabango mengine ya kuchekesha kweli. Kwa muda mfupi nilijiona mzima. Wiki zote hizo nilikuwa nikiamka na kukumbuka vitu viwili, kwamba amekufa na kwamba yule ndiye rais, na pale barabarani kimoja kilikuwa chepesi. Kisha mwanamke mmoja kando yangu, mwenye sauti nzuri, akaniuliza mzee wangu yuko wapi. Nikasema amefariki Novemba. Akanishika mkono akasema, "Angekuwa hapa nasi leo, sivyo?"

Nilijifunika uso kwa bango langu. Akadhani ni kilio.

Umeniharibia hata huzuni yangu, Verna. Wajane wengine wanaomboleza mtu wanayemjua.

Sasa nisikilize, maana nimelifikiria kwa utulivu. Wewe unamtaka Kildal. Janelle amepata mahali pazuri hapa, karibu na uzio, na wanataka jibu kabla ya Pasaka. Niandikie kwamba uliyasema yale kwa hasira. Niandikie kwamba alimpigia mama yule, na utie sahihi yako, jina lote, kama unavyotia kwenye karatasi za ukumbini. Sikuombi ukweli. Nimekuwa nao tangu Novemba na siwezi kuishi nao nyumba moja. Ukinitumia karatasi hiyo, nitamleta kwa mama yenu mwezi wa Mei. Usiponitumia, hatakuja.

Ardis

*

Kildal, 11 Machi 2017

Ardis,

Niliyoyaandika tarehe 19 Novemba kuhusu kura ya kaka yangu niliyaandika kwa hasira. Si kweli. Orrin alimpigia kura mama yule. Nilimwekea alama kama alivyosema.

Verna Marie Tollefsrud

Mengine ni haya. Nimemrudishia karani beji yangu. Uchaguzi wa Aprili watakaa wengine mezani. Dale aliniuliza kama ni masikio, nikamwambia ndiyo, ni masikio. Nimeona mtu akishaanza kudanganya haimwii vigumu.

Mchimba makaburi anauliza tarehe.

V.

*

Kildal, 15 Mei 2017

Wifi Verna,

Ningeweza kuvuka barabara. Taa yako naiona kutoka hapa ninapoandika. Lakini juzi pale makaburini tulitazamana mara moja tu, na sidhani kama yeyote kati yetu anataka kurudia.

Janelle ameondoka asubuhi. Nimebaki na nyumba. Nimekuta viatu vya Orrin vya bandani bado viko mlangoni, kimoja kimelala juu ya kingine kama alivyovivua.

Najua nilifanya nini Jumamosi. Mchungaji alipomaliza, nilikuomba mbele ya watu wote usome jina lake kama mngelisoma ukumbini. Hukuwa umeambiwa mapema. Ukasimama, ukasoma, "Orrin Tollefsrud, Barabara ya Ridge," kwa sauti kubwa ile ya mtu asiyeisikia sauti yake, na ndege wakatoka kwenye miti. Ilikuwa nzuri. Ningeishia hapo. Lakini nilimwona Janelle ananitazama, na wazee wa kanisani, na Dale na kofia yake mpya nyekundu ameishika mgongoni, nikasema, "Na kura yake, wifi? Waambie alimpigia nani."

Ukawaambia. Uliwaambia kama nilivyokufundisha. Janelle akanishika bega, analia kwa furaha. Dale alitazama viatu vyake. Yeye alikuwa kwenye ile meza, na anakujua, na alijua kwamba Verna Tollefsrud hajawahi kutaja kura ya mtu. Wewe ulikuwa unatazama jiwe la mama yako.

Nilidhani nikilisikia likisemwa kwa sauti litakuwa kweli. Halikuwa. Lilianguka pale pale kwenye udongo.

Nimekuwa nikisoma barua yako ya Novemba. Sikuichoma. Nilimwambia Janelle nimeichoma, lakini sikuichoma, na kila nikiisoma naona ndiyo barua pekee ambayo Orrin yumo ndani yake anazungumza. "Weka hapo hapo, Verna, kabla hajarudi." Ni yeye. Ndivyo alivyokuwa akisema akiiba biskuti. Nimekuwa nikimwogopa mtu huyo miezi yote hii, na juzi tulipomfukia ndiyo nikagundua kwamba ni yule yule wangu, na sikumuaga.

Basi nakuomba, na safari hii sina cha kukutisha nacho. Yuko Kildal, hakuna atakayemfukua. Niambie yote. Alicheka cheko gani? Lile la puani, la kanisani, au lile la wazi alilokuwa nalo zamani tukiwa vijana, la kichwa nyuma? Alikuwa anaogopa nisije nikafungua mlango, au alikuwa anafurahi kidogo? Alisema nini kingine kuhusu mimi? Hata kikiwa kibaya. Sitalia, na nikilia hutanisikia.

Wewe ndiye mtu wa mwisho aliyemsikia akisema alilolitaka mwenyewe, na mimi nilikuwa duka la dawa.

Wifi yako,
Ardis

*

Kildal, 18 Mei 2017

Ardis,

Barua yako imeletwa na posta kutoka ng'ambo ya barabara. Umepoteza stempu.

Paka wako yuko kwangu. Ukimtaka, pitia mlango wa nyuma, ila hatakufuata.

Bahasha ya kaka yangu bado iko kwa karani. Nimemuuliza. Ikitimia muda wake kisheria, itateketezwa bila kufunguliwa.

Ulitaka nikuandikie na kutia sahihi, nikatia. Ulitaka niseme juu ya kaburi, nikasema, mbele ya mama yangu. Tulikubaliana wewe na mimi, ukatimiza upande wako, ukamleta. Mimi nikikubali jambo huwa nalishika, hata kama silipendi. Unanijua.

Orrin alimpigia kura mama yule. Hakusema kitu kingine chochote kuhusu wewe.

Na hakucheka.

Verna